Daftari la Diwani

Neno diwani lina ukorofi wake. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha tatu akutajie diwani anayoijua, atakutajia kitabu cha mashairi. Mwambie mama muuza dagaa wa soko la Kibondo akutajie diwani anayemjua, atakutajia mtu, na pengine atalisindikiza jina hilo kwa msonyo, maana barabara ya kwao haijachongwa tangu masika ya mwaka juzi. Kinachotenganisha kitabu na mtu ni sarufi tu: diwani hii, diwani huyu.

Nimemtafuta katika historia yetu mtu aliyekuwa na diwani zote mbili, na bahati nzuri hakutoka mbali. Ni wa mkoa wetu wa Kigoma. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Akasoma Ujiji na Tabora, akawa mhubiri wa Ahmadiyya, na mwaka 1954 akachapisha kitabu chenye jina refu kama treni ya reli ya kati: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Hiyo ndiyo diwani ya kwanza. Ya pili aliipata Dar es Salaam, katika baraza la mji, na mwaka 1960 akavishwa joho la Umeya. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kulivaa. Baadaye tunamkuta Bungeni akiwa mbunge wa Kigoma, mwaka 1963 ni Waziri wa Sheria, kisha Waziri wa Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Oktoba 1964 akafariki akiwa Ujerumani Magharibi. Hesabu mwenyewe, msomaji: miaka arobaini. Umri ambao waheshimiwa wetu wengi bado wanajiita vijana.

Ukiuliza kijiweni, wengi wanamfahamu kama uwanja wa mpira. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Watu wanalipa kiingilio, wanakaa juu ya jina la mshairi na kumtukana refa. Silalamiki sana. Washairi wengine hawakupata hata kichochoro.

Kwetu sisi tunaojaribu kuandika, kuna utamu katika maisha ya mtu aliyeanza na sheria za vina na mizani akaja kukabidhiwa sheria za nchi. Lakini utamu huo nauweka kando leo. Swali linaloniwasha ni jingine. Kuanzia kwenye baraza la mji, kwenye mambo ya mitaro na masoko, kunamfundisha nini mtu anayekwenda kutunga sheria? Na hasa: mwakilishi anamwakilisha nani? Aliyempigia kura, au anayeishi naye?

Msije mkaniambia ni swali rahisi. Mimi ni mtu wa Kibondo, na Kibondo swali hilo limewahi kuwa na mahema.

Kwanza niseme kidogo kuhusu ngazi. Mwanasiasa akianzia udiwani akaishia uwaziri, wasifu wake husomwa hivi: alipanda ngazi. Siipendi kauli hiyo. Ngazi kazi yake ni kukanyagwa, na aliyefika darini hana sababu ya kukumbuka kipago cha kwanza kilikuwa cha mti gani. Tukikubali kwamba udiwani ni kipago tu, basi tumekubali kwamba shida za kata ni mazoezi, mchezo wenyewe uko Dodoma. Na nchi hii imewahi kuamini kitu cha namna hiyo. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, kazi zao wakapewa maofisa waliotumwa kutoka juu, mpango ukaitwa Madaraka Mikoani. Mijini mabaraza yakarudishwa mwaka 1978, wilayani ikabidi kungoja sheria za mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Miaka kumi na miwili wilaya ziliishi bila diwani. Serikali iliyofuta iligundua yenyewe kwamba ofisa anayesubiri uhamisho hawezi kujua kisima kipi kinakauka mwezi wa nane.

Sheria iliyorudisha halmashauri ina kitu kimoja ambacho watu hawakitazami sana: mbunge naye ni mjumbe wa baraza la madiwani la wilaya yake. Yaani hata akipaa vipi, kiti chake cha bawabu kipo, kinamngoja pale halmashauri. Wangapi wanakikalia, hilo ni la kuwauliza makarani wanaoandika mihutasari.

Sasa turudi Dar es Salaam ya 1960. Mji ule ulipangwa kwa rangi. Wazungu walikuwa na upande wao wa nyumba za nafasi na miti, Wahindi na maduka yao katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Meya anapoingia ofisini asubuhi, mezani hakuti falsafa. Anakuta takataka. Anakuta maji, taa za barabarani, vibali vya kuchinja ng'ombe, mahali pa kuzikia. Na mambo hayo yana tabia moja ya ajabu: hayaulizi nani ni nani. Kipindupindu kikishaingia mtaroni hakisomi daftari la wapiga kura. Moto ukiwaka katika nyumba ya mpangaji asiye na kura utaruka ukuta uende kwa mwenye nyumba mwenye kura. Hakuna meya anayeweza kuagiza gari la taka likusanye uchafu wa wapiga kura peke yao na kuacha wa wengine.

Hapo ndipo naona darasa lenyewe. Bungeni mtu anaweza kuzungumza mwaka mzima juu ya "wananchi" bila kumwona mmoja. Kwenye kata anawaona watu, na watu aliowaona hawalingani na orodha ya waliomchagua. Daima ni wengi zaidi.

Kuna jambo la kihistoria ambalo wapenda siasa wa vijiweni wanalisahau. Kizazi cha akina Amri kilijifunza uwakilishi wakati ambapo wengi wa waliowakilishwa hawakuwa na kura kabisa. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa na masharti: kipato, au elimu, au cheo. Tena ulikuwa wa kura tatu, kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora ikabishana vikali kama ishiriki au isusie, ikaamua kushiriki. Mkulima wa Buha, mchukuzi wa bandarini, mama muuza vitumbua, hao wote masharti yaliwaacha nje. Lakini chama kilijengwa kwa mabega yao, na kilikwenda kudai kwa niaba yao. Kama wakati ule wangesema "mwakilishi ni wa waliompigia kura, basi", tungepata uhuru wa makarani na walimu peke yao.

Kwa hiyo naomba tuheshimiane. Mtu anaponiambia leo kwamba asiye na kura hana mwakilishi, kwamba hiyo ndiyo demokrasia, namwambia bwana, taifa lako lilizaliwa kwa kanuni iliyo kinyume na hiyo.

Sasa Nduta.

Kwa msomaji asiyefika kwetu: Nduta ni mahali katika wilaya ya Kibondo, nyanda za juu za Kigoma, si mbali na mpaka wa Burundi. Miaka ya 1990 palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kirundi. Ikaja kufungwa, majani yakaota. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, watu wakavuka kwa maelfu, na Oktoba mwaka huo kambi ikafunguliwa upya. Kufikia 2017 ilikuwa imebeba zaidi ya watu laki moja. Sensa ya 2012 ilikuwa imehesabu wilaya nzima ya Kibondo watu wapatao 261,000. Fikiria mwenyewe: unaamka, na pembeni yako pamesimama mji wenye karibu nusu ya wilaya yako, na hakuna hata mmoja ndani yake mwenye kitambulisho cha mpiga kura.

Tena si watu wa mbali. Kiha na Kirundi ni mtu na nduguye, mtu wa Kibondo na mtu wa Ruyigi wanasikilizana bila mkalimani, na mkalimani akiwepo atawachanganya. Mpaka wenyewe tulichorewa na Wajerumani na Wabelgiji na Waingereza, sisi tukaukuta. Siku ya soko Mabamba huwezi kujua huyu wa huku na yule wa kule mpaka polisi aulize.

Nirudi kidogo kwa Amri, maana hapa ndipo ananiuma. Ujiji aliyozaliwa ilijaa watu ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa, Wamanyema wa Kongo, waliovuka na misafara ya pembe na watumwa, wengine wakiwa huru na wengine wakiwa wamefungwa. Ukoo wake mwenyewe ni wa huko. Mjukuu wa watu waliovuka ziwa akawa mwakilishi wa Kigoma na Meya wa Dar es Salaam. Hakuna aliyemwambia arudi kwao kwanza, au kama yupo, historia haikumsikiliza. Nami nauliza: mtoto aliyezaliwa Nduta mwaka 2016, mwenye kichwa kama cha Amri, anayejua kupanga vina kuliko mimi na wewe, njia yake ya kufika hata kwenye kiti cha mwenyekiti wa kitongoji ilikuwa wapi? Kwa utaratibu unaotumika, mtoto wa wazazi wakimbizi haandikwi kuwa raia kwa sababu tu kitovu chake kimezikwa hapa. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998, mkimbizi anapaswa kukaa eneo alilopangiwa, na kutoka ni kwa kibali.

Najua mnachotaka kuniambia. Mambo si sawa. Wamanyema wa Ujiji waliingia wakati hakuna Tanzania, hakuna uraia, wote tulikuwa raiya wa mkoloni, wenyeji na wageni katika gunia moja. Kweli kabisa. Uraia ni kitu tulichokitengeneza sisi wenyewe, na tulipokitengeneza tuligombana. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, muswada wa uraia ulipofika Bungeni, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa weusi. Mwalimu Nyerere akawaka, akawaambia kwamba anayepima uraia kwa rangi yuko njia moja na makaburu na akina Hitler, na serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Muswada ukapita bila rangi. Mwaka 1983 huyo huyo Mwalimu akapewa medali ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa jinsi nchi yake ilivyopokea wakimbizi. Kwa hiyo sisi si watu wa kufundishwa ukarimu. Lakini ukarimu ni kitu kimoja, daftari ni kitu kingine. Mgeni anakaribishwa sebuleni. Kwenye daftari la mji haandikwi.

Nimesema daftari kwa makusudi. Wanaolichimba neno diwani wanasema lilianza huko Uajemi na Uarabuni likiwa na maana ya orodha. Khalifa Umar bin Khattab, katika karne ya 7, ndiye anayetajwa kuanzisha diwani katika dola ya Kiislamu: daftari la majina ya watu wanaostahili kupata fungu lao kutoka hazina. Kutoka orodha ya majina neno likaenda kwenye ofisi inayotunza orodha, kwenye baraza, na kwenye mkusanyo wa mashairi, maana huo nao ni orodha ya aina yake. Pwani ya Mrima, kabla ya Wajerumani, diwani alikuwa mkubwa wa mji. Siku hizi ni mwenye kata. Lakini kazi ya asili haijabadilika: diwani ndiye anayejua nani ameandikwa, na swali gumu kuliko yote analoweza kuulizwa ni nani hajaandikwa, na kwa nini.

Hapa nimtaje baba yangu mdogo, kwa sababu yeye alilijibu swali hilo kwa vitendo kabla mimi sijalitunga. Alikuwa diwani kwetu miaka ya 1990, kambi ya kwanza ilipokuwa imejaa. Si msomi. Darasa la saba la zamani, mwandiko mzuri, kofia ya baraghashia ingawa ni Mkatoliki, basi tu anaipenda. Kijiji kilikuwa na bomba la mkono, lile la kupampu, lililochimbwa na wafadhili. Bomba likiharibika vipuri vinatafutwa kwa michango, kwa hiyo kila kaya ilikuwa inatoa kidogo, kamati inaandika kwenye daftari.

Sasa pembezoni mwa kijiji walikuwepo Warundi waliokaa mashambani mwa watu kwa kibarua. Tuseme ukweli, jamani, maana huu ukweli hausemwi kwenye mikutano: miaka ile vijiji vizima vililimwa kwa mikono ya Warundi. Mtu analima ekari yako kwa sahani ya unga na vihela. Wenyeji walionawiri miaka ile walinawirishwa na jembe hilo. Na mtu anayelima anakunywa maji. Walikuwa wanapanga foleni bombani, na baadhi yao, wenyewe bila kuambiwa, wakaleta mchango.

Kamati ikakaa. Wako waliosema pesa ipokelewe lakini majina yasiandikwe, maana ukimwandika umemfanya mwenye bomba. Kesho atadai. Wako waliosema ipigwe kufuli, Mrundi achote jioni wenyeji wakishamaliza. Baba mdogo akachukua daftari, akawaandika palepale, ukurasa uleule, bila mstari wa kutenganisha. Akasema, nanukuu kama alivyonisimulia mwenyewe, "Pesa haina Uha wala Urundi, na mimi siwezi kuandika shilingi bila kuandika mwenye shilingi."

Basi. Hakutoa hotuba. Hajui habari za Khalifa Umar.

Mwaka 2000 hakurudi. Walimpa jina: diwani wa Warundi. Mpinzani wake ndani ya chama hakuhitaji sera nyingine. Na nisimpake baba mdogo asali. Wale waliomwangusha hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hoja. Msitu ulikuwa umekwisha kwa kuni za kambi, mama anatembea mara mbili ya alivyotembea zamani. Kulikuwa na ujambazi njiani, silaha zilivuka mpaka pamoja na watu. Na kulikuwa na ule uchungu wa kutazama malori ya maharage na mafuta ya kula yakipita mbele ya mlango wako yakienda kwa mgeni, wakati mwanao ana utapiamlo na hakuna shirika linalomjua. Mwenyeji aliyesema "diwani tumemchagua sisi, atutazame sisi" alikuwa anasema jambo la haki. Aliyetoa kura ametoa kitu. Anastahili kudai.

Tena hoja yao ina mzizi mrefu kuliko wao wenyewe walivyojua. Kura ni fimbo. Mwakilishi anayejibu kwa wenye fimbo anaweza kurudiwa nayo mgongoni baada ya miaka mitano. Anayesema "mimi ni wa wote wanaoishi hapa", nani atamchapa akikosea? Asiye na fimbo? Tumewaona wakubwa wanaowakilisha "wanadamu wote" ambao hawawezi kuzibiwa shimo moja la barabara. Mtu akiwa wa wote anaweza kuwa si wa yeyote, na hiyo hatari siidharau.

Lakini nikiipima hoja hiyo naiona inapungua mahali pamoja. Watoto hawana kura, na hakuna aliyewahi kumwambia diwani asijenge shule kwa kuwa wanafunzi hawampigii. Utasema watoto wana wazazi. Haya, yatima je? Chizi wa sokoni? Mgonjwa wa wilaya ya jirani aliyelala katika zahanati yetu? Diwani analinda maslahi ya watu wengi sana wasio na kura, kila siku, na hatuiti usaliti. Tunaanza kuita usaliti pale tu asiye na kura anapokuwa na jina la upande wa pili. Basi tatizo letu halikuwa kura. Kura tuliitumia kama shuka la kufunikia kitu kingine.

Wengine wanasema: lakini mkimbizi ataondoka, na mwakilishi anajenga kwa ajili ya wanaobaki. Hili ningelikubali kama lingekuwa kweli kila mara. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walipewa ardhi, wakalima, wakauza mazao, wakazaa, wakazika. Mwaka 2007 serikali ikawafungulia mlango wa kuomba uraia, wakakubaliwa watu wapatao 162,000, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Kati ya 1972 na 2014 ni miaka arobaini na miwili: zaidi ya umri mzima wa Amri Abedi, kuanzia Ujiji hadi kaburini. Oktoba 2015 wengi wao wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Nauliza tu: mtu yuleyule, kwenye shamba lilelile, Septemba 2014 hakuwa na wa kumsemea na Novemba alikuwa naye? Nini kilichobadilika ndani yake?

Karatasi. Nakubali, karatasi ni kitu kikubwa, sibezi. Ila karatasi humpa mtu haki ya kuchagua atakayemsemea. Haiwezi kuwa ndiyo inayompa haki ya kuwa na shida.

Na kwa upande wetu wenyeji, kutowahesabu watu hawa hakujawahi kutusaidia. Kuanzia 2018 masoko ya pamoja ya kambini yalipobanwa na kufungwa, hasara haikuishia ndani ya uzio. Mama wa kijijini aliyekuwa anapeleka ndizi na mihogo Nduta alibaki na mihogo yake. Soko halikuwa la wakimbizi, lilikuwa la wote, na uchumi wa kata una ile tabia ya mtaro wa mji: hausomi daftari.

Wasomaji wenzangu mnaoandika mashairi mtanisamehe nikiingiza ushairi. Kitabu cha Amri cha 1954 kina sheria ambazo baadaye tumezibishia sana, mpaka vijana wa Chuo Kikuu wakaja na mashairi yasiyo na vina, ugomvi ukawa mkubwa. Sina nia ya kuufufua. Nasema tu kwamba mshairi wa mapokeo ana nidhamu moja ambayo ningependa kila mbunge awe nayo. Anahesabu mizani zote. Silabi dhaifu inayosikika kwa shida mwishoni mwa neno inahesabiwa sawa na ile inayobeba mkazo. Ukiiruka, hata msikilizaji asiyejua sheria atahisi kwamba mstari umechechemea. Amri aliingia katika siasa na sikio la namna hiyo. Sitadai kwamba lilimfanya mwanasiasa mwema, hilo waliofanya naye kazi ndio walistahili kulisema. Ninachodai ni kwamba sikio hilo hulipati kwenye kampeni za ubunge, ambako kinachohesabiwa ni mizani za upande wako tu.

Baba mdogo hakuwahi kugombea ubunge. Nilimuuliza sababu, akacheka, akasema hana suti. Baadaye alinionyesha lile daftari. Ni daftari la shule la kawaida, jalada limekwisha, amelifunga kwa uzi wa katani. Bomba lile lilikuja kufa kabisa, kijiji kikapata maji ya mserereko, na kamati ikaamua kugawana akiba iliyobaki, kila kaya kwa kadiri ya ilivyochangia. Wenyeji wote wamewekewa alama ya kupokea. Warundi walikuwa wameshaondolewa. Kuna majina kumi na saba bila alama, na mbele ya kila moja, kwa ule mwandiko wake mzuri, kiasi kinachodaiwa.

Nikamwambia pesa hiyo sasa hainunui hata kiberiti. Akaniambia anajua. Akaniuliza kama huko mjini ninakokaa nafahamu mtu yeyote wa Ruyigi.